Keren na Maji ya Batri

Ku soko ya Kataki wanasema ati Keren, binti wa Papa Salomon muvuvi, alidanganya maprofesa kwa picha za bongo, picha za uongo. Wengine wanaongeza ati walimufukuza ku labo na kumunyang'anya kaye zake, daftari zake za kazi. Jumapili iliyopita Elsa, yule anayeuza unga wa mihogo pembeni ya kanisa, aliniuliza mbele ya wamama wa koro, wale wanaoimba kanisani, "Mama Bertille, mutoto wenu wa feza yuko wapi siku hizi? Feza yake haijaiva tu?" Wakacheka. Jibu nilikuwa nalo mudomoni. Nikafunga kitambaa changu vizuri, nikaenda zangu.

Njo maana naandika. Maneno ya mudomo Elsa angeyageuza kabla hayajafika barabarani. Nitasema Keren ni nani na kilichomupata ni nini, na pale ambapo ubaya unaingia, ubaya ule ni wangu mimi, si wake.

Papa Salomon alikuja Kalemie kutoka kaskazini ya ziwa, upande wa Wabembe, akiwa na mutumbwi mumoja, nyavu mbili na muke mwenye mimba. Wakajenga ukuta kwa ukuta na nyumba yangu. Mimi ni Mutabwa, nilizaliwa kule juu Moba, na mwanzoni sikuwataka, sitaficha. Waliomba kwa sauti kubwa asubuhi kabla kuku hawajaamka, na walianika ndagala, samaki wale wadogo, mahali ambapo upepo unaleta harufu yote kwangu. Lakini mutoto alipozaliwa alilia siku mbili, maziwa ya mama yake hayakutoka, nikapika uji wa mutama nikamunywesha yule mama mpaka maziwa yakashuka. Muntu uliyemupikia uji huwezi tena kumuchukia sawasawa. Baadaye mama huyo alirudia biashara yake ya kuvuka Kigoma na vitenge, na Keren akawa anakula kwangu.

Alikuwa mutoto wa kuangalia. Akiwa na miaka sita aliketi ku muchanga mbele ya ndagala za baba yake, akitoa kimoja kimoja vitoto vya mukebuka, samaki mwingine, vilivyochanganyika ndani. Sisi wakubwa tuliona samaki tu. Yeye alisema, "Hii jicho yake iko mbali na mudomo." Tukiinama kuangalia, kweli.

Na kudanganya hakujua. Siku moja mama mumoja alitoka Nyunzu na treni kununua ndagala kwa magunia. Akauliza kama zimekauka siku mbili. Papa Salomon alikuwa ameenda kutafuta kamba, akajibu mutoto, "Zimekauka siku moja. Papa alisema tuseme mbili." Yule mama akapanda treni na magunia matupu. Papa Salomon alikasirika mpaka jua lilipozama, kisha akaanza kucheka peke yake ndani ya nyumba, nikamusikia kupitia ukuta. Alisema amezaa pasta wa kanisa.

Alisoma, akaenda Lubumbashi, akasoma tena, mambo ya kemia. Aliporudi walimupa kazi ya asistenti ku shule kubwa ya hapa, na chumba kimoja chenye meza mbili na madirisha yasiyofungika vizuri. Njo labo hiyo. Mwezi wa kwanza akaja kwangu na sabuni, sukari na kitambaa cha kichwa, kama watu wanaokuja kuomba muchumba. Nikamuambia mimi ni mujane wa miaka sabini, kama kuna bwana amenipenda aseme mapema. Akacheka. Akasema anataka majani yangu.

Majani yenyewe ni ya mupera, kila muntu anayajua. Lakini kujua mupera gani, na jani la umri gani, na kulipika muda gani, hiyo ni kazi yangu. Kwa majani hayo nimefunga vidonda vya watu wengi, na waliopona wako hai, waseme wenyewe. Keren alisema ndani ya majani hayo kuna kitu kinachoweza kuvuta feza kutoka ndani ya chumvi yake na kuifanya punje ndogo sana, na punje hizo zinaua vijidudu vya kidonda na vya maji machafu. Alitaka kuzipata, kuzipima na kuziona. Jirani walisikia neno feza tu, wakasema mutoto wa Salomon anapika franga, anapika pesa.

Nikakubali. Nikawa naenda ku labo mara tatu kwa juma. Nilileta majani, nilipika muchuzi wake, niliosha chupa. Yeye alichanganya. Muchuzi una rangi ya mukojo wa mutoto, anautia kidogo kidogo ndani ya maji ya chumvi ya feza, na mbele ya macho yako inageuka rangi ya asali, kisha rangi ya chai kavu. Hapo anafurahi. Anasema, zimezaliwa.

Lakini kuziona haikuwezekana hapa, wala Lubumbashi. Alinieleza udogo wake: chukua unywele mumoja, upasue upana wake vipande elfu ine, kipande kimoja njo punje moja. Darubini ya kawaida haiwezi. Kuna mashine ingine, mikroskopi ya elektroni, iko Afrika ya Kusini, ndefu kupita muntu, na haitumii mwangaza wa taa. Nikamuuliza inaona na nini basi. Akaniuliza, "Mama, yai unajuaje kama lina kifaranga?" Nikamuambia nalishika mbele ya taa, panapopita mwangaza ni peupe, panapokuwa peusi kuna kitu. Akasema mashine ile inafanya hivyo hivyo, ila inapitisha elektroni katikati ya kitu, na pale feza ilipo zinazuiwa, panakuwa peusi. Hilo nilielewa mara moja. Niliwaeleza hata wamama wa koro, na Elsa hakuelewa.

Na kitu cha kushikia punje zile ni wavu. Wavu wa shaba, wa duara, mukubwa kama jicho la ndagala, na juu yake wametandaza ngozi nyembamba ya makaa isiyoonekana. Keren anaushika kwa koleo ndogo, anatonesha tone moja, anaufunika na bilauri mpaka tone likauke, anauweka ndani ya kisanduku chenye vyumba. Papa Salomon alipouona alisema katika ukoo wao hajawahi kuzaliwa muvuvi wa nyavu ndogo hivi.

Sasa naingia mahali pangu.

Kisanduku kilikuwa na ndege ya siku ya ine, Alhamisi, kwenda Lubumbashi kwa Profesa Nathanaël, anayemuongoza Keren, na yeye angekituma mbele. Juma lile lile wakuu wa shule wakamuambia Keren apeleke wanafunzi Kabimba kuona mawe ya chokaa, atarudi siku ya tatu, Jumatano, mangaribi. Muchuzi lazima upikwe siku ya tatu asubuhi, kwa sababu ukilala siku nyingi unaharibika. Akaniachia ufunguo. Akaniwekea bidoni la plastiki juu ya meza, akasema, "Mama, maji ya kupikia ni haya tu. Lita moja. Si ya bomba, si ya mvua."

Bidoni lile alilinunua kwa garaji. Lilikuwa na karatasi yenye maandishi, na chini ya maandishi picha ya batri ya gari.

Nikamuuliza kama haya ni maji ya batri.

"Njo yale wanaongeza ndani ya batri, ndiyo. Lakini si asidi, Mama. Ni maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji. Hayana kitu ndani."

Mimi nilisikia ndiyo, na nyuma yake sikusikia tena. Muzee wangu Jean-Marie aliyenioa, Mungu amulaze pema, alikuwa anachaji batri karibu na port, pale bandarini, za magari na za mitumbwi yenye motere. Maji ya batri yalimumwagikia mapajani. Suruali iliachana kama karatasi iliyonyeshewa, na nyama ikafuata. Miezi mitano nilimuosha na majani haya haya ya mupera. Kwetu maji ya batri ni jina moja, wanaita hivyo yale yanayochoma na yale yanayoongezwa, na mimi sikuwahi kujua kama ni mawili. Basi nipike dawa ya vidonda ndani ya kitu kilichokula muzee wangu? Na haya maneno ya maji yasiyo na kitu ndani, nilijisemea, mutoto niliyemulisha uji anataka kunifundisha maji.

Nikamuambia nimesikia. Kusikia nilisikia.

Siku ya tatu asubuhi nilifungua bidoni, nikanusa. Halikunuka. Hilo halikunituliza, Jean-Marie aliniambia asidi hainuki mpaka ikugonge. Nilikuwa na maji yangu nyumbani, maji ya kilindini. Papa Salomon ananiletea kila juma: akiwa mbali, pale ambapo milima ya ngambo inaanza kuonekana vizuri, anazamisha bidoni. Maji yale ni meupe kupita yote, wasafiri wa Moba wanayanywa kwa kikombe kutoka pembeni ya boti. Nikapika na hayo. Kisha nikapima lita moja ya maji ya Keren, nikaimwaga nje kwenye mihogo, ili akirudi akute bidoni limepungua sawa na alivyosema.

Hilo la kumwaga njo linaniuma zaidi. Muntu anayeogopa tu angeacha bidoni lilivyo na kusema, mutoto wangu, nimeogopa. Mimi nilipima.

Keren alirudi na vumbi jeupe la Kabimba kichwani. Akauliza kama yote ni sawa. Nikasema yote sawa. Akaandika ndani ya kaye yake maji ya bidoni, lita moja, mukono wa Mama Bertille. Alipochanganya, rangi ya chai ilikuja, lakini na ukungu kidogo, kama maji ya kuoshea muchele. Akainua chupa mbele ya dirisha, akasema leo imefifia. Nikamujibu majani ya leo yalikuwa mazee. Hayakuwa mazee. Akaandika na hilo.

Nyavu sita zikapanda ndege.

Baada ya majuma matatu picha zikafika ku simu yake. Alikimbia kutoka labo mpaka kwangu, muntu mukubwa, na viatu mukononi. Akanionyesha. Punje za duara zilikuwepo, nyeusi, ndogondogo, kama alivyotazamia. Lakini katikati yake vilikaa visanduku. Visanduku kweli, pembe ine, ncha zimenyooka kama vimekatwa na seremala. Alisema watu wa nchi kubwa wanahangaika na dawa kali kupata feza yenye umbo hilo, na sisi tumeipata kwa majani ya mupera. Profesa Nathanaël alipiga simu mara mbili siku ile. Akasema mambo haya yaandikwe haraka. Akasema tena kuna nafasi moja, ya kwenda kukaa miaka miwili pale penye mashine, kujifunza kuiendesha mwenyewe, na kwa picha hizi jina la Keren litakuwa la kwanza. Keren hakutaka kitu kingine duniani. Tangu atoke Lubumbashi alikuwa anaota kukaa mbele ya mashine ile na kuangalia kwa macho yake, si kungojea picha za watu.

Na mimi nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa mbaya. Nilijua kitu kimoja kilichobadilika. Nikajisemea, ni maji yangu. Maji ya batri yasingeweza. Nilingoja siku ambapo wangeshindwa kueleza visanduku vile, nisimame niseme, niulizeni mimi. Niliiwaza siku hiyo hata kanisani, wakati wa sala.

Siku ikaja, lakini si kwa njia hiyo. Profesa alisema jambo jipya lazima lirudiwe. Keren akarudia mara tatu, akapika mwenyewe, kwa maji ya bidoni. Nyavu zikaenda. Majibu yakarudi: punje za duara, safi, nzuri. Kisanduku hata kimoja hakuna. Kule Lubumbashi wakaanza kuulizana picha za kwanza zilitoka wapi. Kuna aliyesema labda zilichotwa mahali pengine zikaingizwa.

Anayeendesha mashine kule Kusini ni Mukongo mwenzetu, anaitwa Damien. Yeye alirudisha wavu wa zamani ndani ya mashine. Alimutumia Keren sauti ku simu, nami nilikuwa pale naosha chupa, nikaisikia. Alisema ameelekeza elektroni juu ya kisanduku kimoja na kungoja. Kimeanza kutokwa mapovu, kikapungua, kikaacha tundu na madoadoa. Alipima kilichokuwa ndani, akakuta klorini. "Feza yenyewe haifanyi hivyo, dada," akasema. "Hii ni chumvi. Maji yenu yalikuwa na chumvi kidogo, hata ulimi hauisikii, ikashikana na feza."

Nilikuwa na chupa mukononi. Niliendelea kuiosha. Ilikuwa safi tayari.

Keren akavuta kiti, akaketi karibu nami. Hakusimama juu yangu kama muntu anayeshitaki. Akaniuliza polepole, "Mama, siku ile ya Kabimba ulipika na maji gani?"

Ningesema pale, jambo lingekwisha. Tulikuwa wawili tu. Lakini niliona mambo mawili kwa pamoja: kwamba nilikosea, na kwamba nilichojivunia kanisani ni chumvi. Chumvi, ambayo iko ndani ya kila sufuria. Nikakasirika. Nikamujibu kwa sauti ya muzazi, "Maji uliyoniachia. Ama unaniona mimi ni mutoto?"

Akaniangalia, kisha akaomba musamaha. Yeye njo aliomba. Usiku sikulala, lakini asubuhi nilitoka na mudomo uleule.

Akawaandikia Lubumbashi kwamba maji yalikuwa ya bidoni, na mukono uliopika anauamini kama wake. Kwa maneno hayo alijifunga mwenyewe. Maana kama maji yalikuwa safi, chumvi imetoka wapi? Basi aidha kaye yake inadanganya, aidha picha. Profesa Nathanaël akasema atakuja mwenyewe Kalemie, aketi na wakuu wa shule, wamusikilize Keren na kuangalia kaye. Wakikuta udanganyifu, nafasi ya mashine imekwenda, na jina lake litafutwa ku labo zote.

Walikaa asubuhi ya siku ya pili, Jumanne, ndani ya biro, ofisi ya mukuu. Papa Salomon alikuja na koti lake la kanisa, akaketi ku benchi inje. Mimi nilikuwa nimeketi upande ule mwingine wa benchi, na ndoo. Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia sauti ya Profesa inasoma kaye, ukurasa kwa ukurasa, na sauti ya Keren inajibu.

Papa Salomon akaniambia hajui mambo ya kemia. Anajua tu mutoto alimuambia jana, "Papa, wakichukua jina langu wachukue, lakini mukono wa Mama Bertille ni safi, sitaupeleka mbele ya watu." Halafu, kwa sababu ni muntu asiyeweza kukaa bila kusema neno jema, akauliza, "Maji yale ya kilindini yamekwisha? Kesho naenda ziwani, nikuletee mengine?"

Nilisimama. Ndoo nikaiacha ku benchi. Katika maisha yangu nimemuomba muntu musamaha labda mara mbili, na mara moja alikuwa amekufa tayari. Nikaingia biro bila kubisha.

Mukuu wa shule akasema, "Mama, tuko na kazi." Nikasema na mimi niko na kazi. Nikasema nilipika na maji ya ziwa. Maji ya bidoni niliyamwaga ku mihogo.

Profesa Nathanaël alivua miwani. Akauliza kwa nini.

"Kwa sababu ni maji ya batri. Yalikula muzee wangu."

Mumoja wa wakuu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, kicheko kilimutoroka tu, na akakiziba na mukono. Nimechekwa mara chache sana, na kile kicheko ningali nacho. Profesa hakucheka. Aliuliza kama Keren hakunieleza tofauti. Nikasema alinieleza. Akauliza, "Na ulisema bongo mara ngapi, Mama?" Nikahesabu. Yote sawa, moja. Majani mazee, mbili. Maji uliyoniachia, tatu. Nikamuambia tatu. Kisha nikafikiri lita niliyomwaga, ambayo ni bongo isiyo na maneno, nikasema ine.

Keren hakuwa ameniangalia. Aliangalia kaye. Alipoinua macho hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu kulipokea. Akanisogezea kalamu. "Mama, uandike hapa. Maji gani, kiasi gani, nani aliyachota."

Nilimuambia aandike yeye, mimi niweke alama tu. Akasema, "Hapana, Mama. Mukono wako njo ulipika, mukono wako njo utaandika."

Basi nikaandika, mbele ya watu wanne walioketi, mimi nimeinama. Herufi zangu ni kubwa na zinapanda mulima. *Maji ya ziwa. Lita moja. Ilichotwa na Papa Salomon.* Ilichukua muda murefu, wakangoja. Mwishoni niliandika jina langu na kusahau herufi moja, nikairudishia juu.

Nilipotoka, Papa Salomon alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Nilingoja anitukane, nilimutayarishia hata majibu. Alisema tu, "Mimi njo niliyabeba." Akakunja koti lake, akaenda.

Yaliyofuata ni mafupi. Keren alipika vyungu viwili siku moja, kimoja kwa maji ya bidoni, kingine kwa maji ya kilindini. Profesa mwenyewe alikuwa pale, akaangalia kila tone. Nyavu zikaenda, na Damien akajibu: ya kwanza duara tupu, ya pili visanduku, vinayeyuka vilevile. Profesa aliandika barua kwa wote waliokuwa wameambiwa maneno mabaya, akaeleza kwamba Keren ni safi, kosa lilikuwa maji. Barua hiyo iko. Yeyote wa Kataki anayetaka, aje nimuonyeshe, na Elsa aje wa kwanza.

Lakini nafasi ya mashine haikungoja. Siku walipokuwa wanaulizana kama Keren ni mwongo, tarehe ilipita. Aliyekwenda ni kijana wa Lubumbashi, Ruffin. Wanasema ni muntu wa akili. Anaketi sasa mbele ya mashine ile, na nyavu za Keren zikifika, yeye na Damien njo wanaziangalia. Keren anangojea picha ku simu, kama zamani. Kama nafasi ingine itafunguliwa mwaka kesho, hakuna anayejua. Basi msiseme walimufukuza. Hakufukuzwa. Alicheleweshwa, na aliyemuchelewesha ni mimi niliyemulisha.

Nilifikiri hatanitaka tena ku labo. Juma lilelile la biro alituma neno kwamba majani yamekwisha. Nikapeleka. Alinisalimia kama siku zote, aliuliza habari ya magoti yangu. Nikamuambia neno ambalo nililibeba siku ine, nikalisema nimesimama: nisamehe. Akajibu, "Nimesamehe tangu biro, Mama." Namuamini. Hajui kudanganya.

Siku hizi napasua majani na kuosha chupa. Kupika anapika mwenyewe. Juzi waliita asistenti wote ku mukutano, na sufuria ilikuwa motoni. Akaizima. Akangoja nivute ndala zangu, tukatoka pamoja, akafunga mulango, akageuza ufunguo mara mbili na kuutia mufukoni.

"Unisamehe, Mama," akasema, bila kuniangalia. "Njo sheria ya labo."

Zamani hapakuwa na sheria kama hiyo. Nikamuambia ni sheria nzuri. Nikaketi ku benchi inje, na beseni langu la majani, nikangoja arudi anifungulie.